Mume na Mke Watunzane Mwili na Roho

Siku ya ndoa, mbele ya padri na mashahidi wawili, mume na mke huahidiana kupendana katika raha na katika taabu, katika afya na katika ugonjwa. Wakristu wengi huyakumbuka sana maneno ya uaminifu, nao hufanya vema. Lakini yale ya afya na ugonjwa huyasahau upesi, ama hufikiri kwamba wajibu huo huanza tu siku mwenzi anapolazwa hospitalini. Sivyo. Aliyeahidi kumwuguza mwenzake ameahidi pia kumkinga na ugonjwa, kadiri Mungu amjaliavyo nguvu na akili. Na mahali pa kwanza pa kutimiza ahadi hiyo ni jikoni, ni mezani, na ni njiani.

I. Mafundisho

Mtume Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 6, afundisha kwamba mwili wa Mkristu ni hekalu la Roho Mtakatifu. Katika sura ya 7 aonyesha kwamba katika ndoa mwili wa mume si wake peke yake, wala mwili wa mke si wake peke yake. Na katika sura ya 5 ya barua kwa Waefeso awataka waume wawapende wake zao kama wapendavyo miili yao, akikumbusha jinsi kila mtu anavyoulisha mwili wake na kuushughulikia.

Basi, mtu mwenye ndoa akiuharibu mwili wake kwa ulafi, kwa pombe au kwa uvivu, haharibu kitu chake tu. Amnyang'anya mwenzake msaidizi, na watoto wake mzazi. Kwa sababu hiyo Mama Kanisa huliweka jambo la afya chini ya amri ya tano. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba uhai na afya ni zawadi za thamani ambazo Mungu amewakabidhi watu, nao wapaswa kuzitunza kwa busara. Yawaonya juu ya kupita kiasi katika chakula, pombe, tumbako na dawa. Lakini yawaonya pia wale wanaouabudu mwili na kutoa kila kitu sadaka kwa ajili yake.

Ulafi ni mmoja wa mizizi saba ya dhambi, na dawa yake ni fadhila ya kiasi. Kiasi si kujiua kwa njaa. Nabii Eliya alipochoka kabisa jangwani, malaika wa Bwana alimwamsha ale, kwa maana safari yake ilikuwa ndefu. Naye Danieli na wenzake, katika nyumba ya mfalme wa Babeli, waliomba wapewe mboga na maji muda wa siku 10, na baadaye nyuso zao zilionekana njema kuliko za vijana waliokula chakula cha mfalme. Tena inafaa kuona jambo hili: Danieli hakuachwa peke yake. Wote wanne walikula sahani moja.

II. Adui asiyepiga hodi

Njaa haijaisha katika Kongo, na malaria haijaisha. Lakini kando yake kuna magonjwa mengine yaliyoingia mijini na hata vijijini: ugonjwa wa sukari, na ule wa damu kupanda, ambao watu huuita tansio. Tansio mara nyingi haiumi. Mtu aweza kukaa nayo miaka mingi akicheka na kufanya kazi, mpaka siku anapopooza upande mmoja, ama moyo au figo zinapochoka. Sukari nayo yaweza kuharibu macho, figo na miguu. Dalili zake ni kiu nyingi, kwenda haja ndogo mara kwa mara, na vidonda visivyopona upesi.

Mtu akianguka ghafula, jamaa humtafuta mchawi, na jirani asiye na kosa hushitakiwa. Ingefaa zaidi kama angalipimwa mapema. Kumpima mtu tansio ni kazi ya dakika chache, na ukweli uliojulikana mapema huokoa mgonjwa na jirani pia.

III. Mfano wa nyumba moja

Wafikiriwe mume na mke wa Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika. Mume ni karani. Asubuhi hupanda pikipiki, mchana kutwa huketi kitini, jioni hula bukari kubwa yenye mchuzi uliojaa mawese, kisha huketi na rafiki na chupa za bia. Amenenepa, na watu wamsifu: mke wake ajua kupika! Siku moja mwuguzi ampima, amwambia kwamba tansio imepanda na sukari imezidi. Ampa dawa, tena amwagiza apunguze chumvi, sukari, bukari na pombe, na kutembea kila siku.

Mke aliposikia hayo alishikwa na hofu, na hofu ikageuka kuwa ukali. Alihesabu chupa mbele ya watoto. Alimwondolea mume sahani mbele ya wageni, akisema kwamba huyu ataacha mjane. Maneno yake yalikuwa kweli, lakini hayakuzaa matunda. Mume alianza kula mikate ya mafuta barabarani kwa siri, na kunywa mbali na nyumbani.

Hapo msimamizi wa ndoa yao, mama mzee, alimkumbusha mke agizo la Bwana katika Injili ya Mateo, sura ya 18: mwenye kosa aonywe kwanza faraghani, wawili peke yao. Usiku ule mke alimwomba mume msamaha kwa kumwaibisha. Akamwambia, «Baba, sitaki kukutawala. Nataka tuzeeke pamoja.» Naye mume, aliyekuwa akijificha, alikiri kwamba hata yeye aliogopa. Wakapatana.

Tangu siku ile palikuwa na chungu kimoja tu. Mke hakumpikia mume chakula cha mgonjwa huku wengine wakila vingine mbele ya macho yake. Bukari ilipungua kwa wote wazima. Sombe, lengalenga na maharage vikaongezeka. Mawese yalipimwa kwa kijiko. Samaki wa chumvi walilowekwa, na maji yale yakamwagwa. Chai ilipunguziwa sukari kidogo kidogo, mpaka ulimi ukazoea. Fedha zilizobaki kwa kuacha bia zilinunua mayai ya watoto, ambao wao hawakupunguziwa, kwa kuwa mtoto anayekua ahitaji kushiba.

Kisha mama mkwe alifika kuwaamkia. Alipomwona mwanawe amepungua mwili, alilia kwa sauti kwamba mke anamnyima chakula. Majirani nao walinong'ona juu ya ugonjwa wa aibu. Hapo mume hakunyamaza akimwacha mke abebe lawama peke yake. Alisema, «Mama, usimlaumu. Mimi ndimi niliyemwomba. Chakula hiki ni dawa yangu, na mikono yake ndiyo inayonipa uzima.» Mama mkwe akanyamaza, na baadaye akaomba yeye pia apimwe.

Ikabaki habari ya kutembea. Shirika la Afya la Ulimwengu lawashauri watu wazima kufanya mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 angalau kila juma; maana yake, nusu saa kwa siku 5. Mume alitafuta wakati na njia ya kutembea, huku kila alfajiri mke wake alikwenda bombani na kurudi na bidoni ya litri 20 kichwani. Mwishowe macho yake yalifumbuka. Mwili mmoja katika nyumba ile ulikuwa ukichoka kwa kuketi, na mwingine ukichoka kwa kubeba. Kwa ruhusa ya mwuguzi, mume akaanza kwenda bombani na bidoni ndogo, kwenda na kurudi, mara mbili au tatu. Wanaume walimcheka siku za kwanza. Hakujali. Jumapili aliacha pikipiki, wakatembea wote wawili kwenda Misa, wakisali Rozari njiani.

Tansio haikutoweka kabisa. Bado ameza dawa zake kila siku, wala hawezi kuziacha bila neno la mganga. Lakini nyumba ile imepata amani, mke amepata kupumzika, na watoto wamemwona baba yao akimchukulia mama mzigo. Katekisimu hiyo hawataisahau.

IV. Maswali na majibu

Je, ni dhambi kula na kunywa kwa furaha siku ya sikukuu?
Hapana. Bwana Yesu mwenyewe alikwenda arusini Kana. Sikukuu ni njema. Ubaya ni kufanya kila siku kuwa sikukuu ya tumbo, na kulewa.

Mgonjwa wa sukari afunge wakati wa Kwaresima?
Sheria ya kufunga yawahusu waliotimiza miaka 18 mpaka mwanzo wa mwaka wa 60, nayo haimlazimishi mgonjwa. Kukaa bila chakula huku akitumia dawa za sukari kwaweza kumwangusha mtu. Na amwulize mganga kwanza, kisha achague toba nyingine: kuacha sigara, kuacha pombe, kutembelea wagonjwa.

Mume aweza kumdharau mke aliyenenepa, akisema kwamba amhangaikia afya yake?
Hawezi. Matusi si dawa. Wengi wamenenepa baada ya kuzaa na kulea watoto wa mume huyohuyo. Anayetumia neno la afya ili kumfedhehesha mkewe, au kutafuta mwanamke mwingine, atenda dhambi mara mbili: dhidi ya mapendo, na dhidi ya kweli. Akitaka kumsaidia, na ale kama amtakavyo ale, na atembee pamoja naye.

Na mwenzi akikataa kabisa kubadilika?
Asilazimishwe kwa nguvu, wala asitukanwe. Mtakatifu Monika alimvumilia mume wake Patrisi miaka mingi kwa upole na sala, naye aliongoka kabla ya kufa. Anayetaka kusaidia na aanze yeye mwenyewe kushika kiasi. Achague saa njema ya kusema, aseme machache, kisha asali. Kazi ya kuugeuza moyo ni ya Mungu.

V. Makusudi ya mwezi huu

Kwanza, mume na mke waende pamoja kituoni cha afya kupimwa tansio, na sukari pia ikiwezekana; kila mmoja asikie habari za mwenzake.
Pili, wapatane juu ya jambo moja tu la chakula, lililo jepesi, nao walishike mwezi mzima.
Tatu, mume achukue kazi moja ya mwili aliyozoea kumwachia mke.
Nne, kabla ya kula, wasali kwa kweli sala ya kubariki chakula. Ni vigumu kula kwa ulafi kile ambacho mtu amekipokea kwa shukrani.

Nyumbani Nazareti, Yosefu alifanya kazi kwa mikono yake, Maria aliandaa chakula, na Mwana wa Mungu alikula, akakua na kuongezeka nguvu. Familia hiyo Takatifu iziombee familia zote za Wakristu, ili mume na mke wasaidiane kulinda uhai waliopewa, mpaka siku Bwana mwenyewe atakapowaita kwenye karamu isiyokwisha. Amina.