Gumba la Nani?

Baada ya soko la Mchikichini kuungua Januari 2022, shangazi yangu, ambaye hupunguza suruali za mitumba, alikopa akanunua cherehani ya mota. Mguu uliokuwa ukivimba kwa kukanyaga pedeli ukapona. Wauzaji nao hawakuchelewa kugundua kwamba sasa suruali inaisha upesi. Wakaomba bei ishuke, ikashuka. Leo anashona karibu mara mbili ya zamani kwa pesa ileile, na kinachouma ni mgongo.

Nilimwonea huruma kwa sauti kubwa. Kumbe na mimi nilikuwa njiani kufanya kama wale wauzaji.

Maabara ninakofanyia utafiti wangu wa uzamili ilipata pipeti mbili nyepesi, springi laini, mpini unaokaa vizuri kiganjani. Nikawahi moja. Asiyewahi kushika pipeti ajue hivi: sahani ina vishimo 96, na kila sampuli inataka kuvuta, kumwaga na kutupa ncha, gumba likibonyeza kila mara. Mibonyezo 288, kabla hujarudia ulipokosea.

Zamani ilikuwa mbaya zaidi. Watu walivuta kwa mdomo, kama soda kwa mrija, na wapo waliomeza vimelea wakaugua. Mwaka 1957 Heinrich Schnitger, akifanya utafiti Marburg, Ujerumani, alichoshwa na kunyonya huko, akabuni pipeti ya pistoni na springi. Mdomo ukanusurika, mzigo ukahamia kwenye gumba.

Basi, kwa pipeti yangu nyepesi nikamaliza sahani mbili kwa siku badala ya moja, nikamweleza msimamizi huku nikijisikia. Wiki iliyofuata ratiba ikabandikwa ukutani: sahani mbili kwa kila mtu. Kila mtu, pamoja na mama mmoja mtaalamu wa maabara, aliyeanza kazi mimi niko chekechea, anayetumia pipeti nzito ya zamani na kufunga gumba kwa bandeji.

Najua la kujitetea. Nyuma ya kila tyubu kuna mgonjwa anayesubiri, na majibu ya mapema si anasa. Siwezi kusema kazi ibaki ngumu ili iwe chache. Lakini unafuu ule ulikuwa wa nani? Kifaa kilitengenezwa kupumzisha mkono, sisi tukaugeuza upumziko ule kuwa nafasi tupu ya kujaza sampuli, na mwenye mkono hakuulizwa. Maumivu ni kitu kibaya, ila yalikuwa yakisema "basi, inatosha" kwa niaba ya mtu asiyeweza kulitamka neno hilo mbele ya mkubwa wake. Ukiyaondoa, inabidi mtu mwingine alitamke. Mimi nilipata nafasi ya kulitamka, nikaitumia kujisifu.

Jumatatu nilimpelekea pipeti yangu. "Shikamoo mama. Tumia hii, mimi nitachukua hiyo yako."

"Marahaba mwanangu." Akaipima kiganjani, akabonyeza hewa mara mbili, akatabasamu. Kisha akatazama ukutani.

"Na sahani? Zitabaki mbili?"

Nikamwambia nitazungumza na msimamizi. Leo ni Alhamisi. Mlango wake umekuwa wazi tangu asubuhi.