Neema ya Wasaa na Haki ya Mwili



Bwana Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa ziko neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara kwazo: uzima na wasaa. Tena alikuwa akijikinga kwa Mola wake na uvivu. Leo twasema juu ya wasaa, yaani zile saa abakizo mtu baada ya kazi yake, na namna tunavyozimaliza kwa kukaa kitako.

Wako wadhanio kuwa hili ni jambo la matajiri wa mijini peke yao. Na wautazame mji mdogo wa Githongo, huko Meru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Mkulima wa huko huchuma chai kwa mkono, majani mawili na chipukizi lake, akayabeba mgongoni akipanda na kushuka mpaka yapimwapo, ndipo yapelekwe kiwandani. Huyo akirudi jioni akajinyoosha, ni nani wa kumlaumu? Mwili wake umekwisha pata haki yake shambani. Ama mwenye duka aliyeketi tangu asubuhi, na kijana ashindaye juu ya pikipiki, nao hupumzika kwa desturi ile ile ya mchuma chai. Kwao huko ni kukaa juu ya kukaa. Desturi imebaki, na kazi iliyoihalalisha imeondoka.

Ikiwa ni hivyo milimani, je, sisi wa Mombasa? Mchana dukani, jioni barazani, usiku simu mkononi. Hata Mama Ngina, palipotengenezwa upya mwaka 2019, twaenda kwa gari, tukala mihogo na madafu humo humo garini, tukarudi.

Shirika la Afya Duniani lamtaka mtu mzima apate kwa juma dakika 150, kwa uchache, za mwendo wa haraka au mfano wake. Kwa hesabu yake ya mwaka 2022, kazi na mapumziko yakijumlishwa pamoja, watu wazima 31 katika kila 100 duniani hawakufikia kadiri hiyo. Wanawake 34, wanaume 29. Wataalamu hutaja uzee, magari na kazi za kukaa. Ni kweli. Lakini kwetu iko sababu nyingine, nayo ni kiburi tulichokiita heshima. Mzee akionekana kwa miguu huulizwa, "Kulikoni, gari limeharibika?" Mwanamke akitoka na buibui lake kutembea na wenziwe, mume hununa akasema si stara. Stara gani hiyo? Mtume mwenyewe alishindana mbio na Bibi Aisha. Mara ya kwanza Bibi akashinda, mara ya pili akashinda yeye.

Na wasemao kuwa kazi za nyumbani zamtosha mke, twawauliza: huo wasaa wake uko wapi, nanyi mwakaa barazani tangu Alasiri hata Isha? Mume na aondoke barazani mapema, ashike watoto, mkewe apate kutoka.