Mnyama Asiyeleta Faida

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwa. 2:15, Kut. 16:22–30, Kut. 23:4, 5, 12, Kut. 34:21, Kum. 25:4, Mit. 12:10; Yona 4:11; Lk. 13:15, 1 Tim. 5:8.

Upo wema unaomlipa yeye anayeutenda. Mchungaji anayemfunga kondoo jeraha humponya kondoo, na papo hapo huokoa mali yake. Mwenye ng'ombe anayeamka alfajiri kukata majani humlisha mnyama, na hulinda maziwa yake ya jioni. Tendo ni moja, lakini nia zaweza kuwa mbili, na siku nyingi hata mtendaji mwenyewe hawezi kuzitenganisha. Mithali 12:10 huhesabu kujali uhai wa mnyama kuwa alama ya mtu mwenye haki. Lakini mfugaji anapojali, anamjali nani hasa: mnyama, au faida? Na faida ikikoma, je, mnyama bado ana haki ya kudai kitu kwa mwanadamu?

Mfano mmoja kutoka mbali unaweza kuliweka swali hili wazi: mashamba madogo ya alpaka katika Marekani, na kazi zake za majira ya joto.

Mnyama aliyetengenezewa uhitaji

Alpaka ni wa jamaa ya ngamia, ingawa hana nundu. Kimo cha bega lake ni chini kidogo ya meta moja, shingo yake ni ndefu, na mwili wake umefunikwa kwa sufu laini. Kwao ni milima ya Andes, hasa Peru na Bolivia, kwenye nyanda za juu zinazopita meta 3,500 kutoka usawa wa bahari, ambako usiku huwa na baridi kali. Wenyeji wa huko walimfuga tangu maelfu ya miaka iliyopita. Walimtoa katika mnyama wa porini aitwaye vikunya, wakichagua kizazi baada ya kizazi wale wenye sufu nyingi zaidi. Matokeo yake ni kwamba sufu ya alpaka huendelea kukua wala haipukutiki yenyewe. Vikunya huishi porini bila kumtegemea mnyoaji. Alpaka hawezi.

Mwaka 1984 wafugaji wa Marekani walianza kuwaingiza nchini mwao kwa wingi. Leo Ohio ni mojawapo ya majimbo yenye alpaka wengi. Lakini Ohio si Andes. Mwezi wa Julai joto hupita nyuzi 30 za Selsiasi, na hewa huwa nzito kwa unyevu. Sufu iliyokuwa blanketi kule mlimani yaweza kumuua mnyama huku bondeni.

Ndiyo sababu mwaka wa mfugaji huzunguka majira hayo. Kabla joto halijakolea, kila alpaka hulazwa ubavu, miguu ya mbele na ya nyuma ikavutwa kwa kamba asijiumize, akanyolewa kwa dakika chache. Papo hapo kucha zake hupunguzwa na meno hukaguliwa. Baadaye sufu hupangwa: ya mgongoni, iliyo bora, huwekwa peke yake, ya shingoni na miguuni huwekwa kando.

Kisha huja siku ndefu za joto. Asubuhi mfugaji hushika reki, beleshi na toroli, kwa kuwa alpaka wana desturi ya kujisaidia mahali pamoja, na chungu hiyo lazima izolewe. Ndoo husuguliwa, maji mapya yakatiwa. Majike wenye mimba hutazamwa kwa makini asubuhi mpaka mapema alasiri, kwa maana ndizo saa ambazo watoto wengi huzaliwa, baada ya mimba ya miezi 11 na zaidi. Wafugaji wengi wa huko pia huchoma sindano kila mwezi kumkinga mnyama na mnyoo utokao kwa kulungu, uwezao kuharibu uti wa mgongo na kumpoozesha.

Mchana feni huzungushwa bandani. Wafugaji huchukua kipimo cha joto kwa Farenihaiti, wakakijumlisha na asilimia ya unyevu hewani. Jumla ikipita 120 huanza kuwa waangalifu. Ikipita 180 wanajua kwamba hatari ni kubwa. Hapo hutumia mpira wa maji, lakini hawamwagi maji mgongoni. Sufu ya mgongo ikilowa hufungia joto ndani. Maji huelekezwa tumboni na upande wa ndani wa mapaja, mahali penye sufu chache, ambako mwili hutoa joto lake. Asiyejua jambo hilo aweza kumdhuru mnyama huku akikusudia kumponya. Kumbe huruma peke yake haitoshi, yahitaji maarifa. Mwanzo 2:15 ilimweka mwanadamu bustanini ailime na kuitunza, na hakuna awezaye kutunza asichojifunza.

Bei iliposhuka

Katika miaka ya mwanzo, kazi hiyo yote ilionekana kuwa na malipo makubwa. Alpaka jike aliuzwa kwa maelfu ya dola, na wengine kwa makumi ya maelfu. Fedha hiyo haikutoka kwenye sufu, kwa maana mnyama mmoja hutoa kilo chache tu kwa mwaka. Ilitoka kwa mfugaji mpya, aliyenunua akitumaini kumuuzia mfugaji mwingine aliye mpya zaidi. Mwaka 2007 wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba thamani ya sufu haikuweza kuhalalisha bei hizo. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 bei zilianguka, na baadhi ya wanyama walitolewa bure.

Bei ilishuka, lakini joto la Julai halikushuka. Sufu iliendelea kukua. Chungu ya kinyesi ilimngoja mwenye toroli kama zamani. Nia mbili zilizokuwa zimefungwa pamoja kwa miaka mingi sasa zilitengana, na kila mwenye alpaka alilazimika kujibu swali ambalo faida ilikuwa imelificha: huyu mnyama ni nini kwangu?

Watu hulijibu swali hilo kwa njia tatu.

Jibu la kwanza husema kwamba mnyama ni mali. Mali isipoleta faida, mwenye mali hana deni kwayo. Mtu haulizi gari bovu kama limeumia. Lakini gari halihemi kwa joto. Musa aliwapa Waisraeli somo jingine. Katika Kutoka 23:5, mtu akimwona punda wa adui yake amelala chini ya mzigo, anaagizwa amsaidie. Punda huyo si mali yake, hatamletea faida yoyote, na mwenye punda hatamshukuru. Zaidi ya hayo, kwa sheria ya Walawi 11, punda si chakula kwa Mwisraeli. Hali kadhalika ngamia, na alpaka wa jamaa yake. Walakini Kutoka 23:12 humtaja punda kwa jina miongoni mwa wale watakaostarehe siku ya saba. Wapo wasomaji wanaojua vema wanyama gani hawafai mezani. Ni vizuri kujua pia kwamba kutofaa mezani hakumwondoi mnyama katika huruma ya Mungu.

Jibu la pili huenda upande mwingine kabisa. Husema kwamba kosa lilikuwa kuwafuga tangu mwanzo; laiti alpaka wangeachwa wakiwa vikunya, wasingemtegemea mtu. Jibu hili lina uzito. Mtu anayemfanya kiumbe amhitaji huchukua madaraka makubwa, na anayemhamisha kutoka milima ya baridi hadi mabonde ya joto huongeza madaraka hayo. Lakini hata likiwa kweli kwa habari ya jana, haliwasaidii alpaka waliosimama malishoni leo. Hao hawawezi kurudi kuwa vikunya. Majuto juu ya mwanzo hayalipi deni la sasa.

Jibu la tatu ndilo linaloelekea kukubaliana na Maandiko: uhitaji uliotengenezwa na mwanadamu humfunga mwanadamu. Aliyemfanya mnyama ashindwe kuivua sufu yake amekubali kuwa mkasi wake. Aliyemzungushia uzio amekubali kuwa kisima chake. Agano hilo halikuandikwa mahali, na mnyama hakulitia sahihi, lakini faida ilipokelewa kwa miaka mingi kwa msingi wake. Kumbukumbu la Torati 25:4 humpa ng'ombe apuraye nafaka sehemu katika nafaka ileile. Si sadaka, ni haki yake. Basi faida si dhambi, na mfugaji hana sababu ya kuona haya kwa kuuza sufu. Faida hugeuka kuwa dhambi pale inapokuwa sababu pekee ya kutunza.

Mpaka wa deni

Hata hivyo, ni lazima kusema kwa haki juu ya mfugaji aliyefilisika. Ana watoto, ana mkopo benki, na kundi analowalisha linakula akiba ya nyumba. 1 Timotheo 5:8 humkumbusha kwamba anao wajibu kwa watu wa nyumbani mwake. Je, deni lake kwa mnyama humtaka aiache familia ikose chakula?

La. Deni la utunzaji si kifungo cha maisha. Mfugaji aweza kuacha kuwazalisha, kundi lipungue. Aweza kuwauza kwa bei ndogo, au kuwatoa bure kwa mtu anayeijua kazi, akihakikisha kwamba hakuna anayepelekwa peke yake, maana alpaka hudhoofika akitengwa na wenzake. Asichoruhusiwa ni kufunga lango, kugeuza uso, na kuliacha joto limalize jambo ambalo yeye hataki kulitazama. Kati ya kukabidhi na kutelekeza pana tofauti kubwa, ingawa katika vyote viwili zizi hubaki tupu.

Siku inayotenganisha nia

Anguko la bei huja mara chache. Lakini Mungu ameweka siku ambayo kila juma hufanya kazi inayofanana nalo.

Katika Luka 13:15 Yesu anawakumbusha wapinzani wake jambo walilolitenda wote bila ubishi: siku ya Sabato kila mmoja wao alimfungua ng'ombe au punda wake akampeleka kunywa maji. Tazama tendo hilo lilivyo. Siku hiyo ng'ombe halimi na punda habebi mzigo. Mwenye mnyama hutoa maji wala hapokei kazi yoyote. Siku sita nia mbili hutembea zimeshikana mikono. Siku ya saba faida huketi chini, na utunzaji huenda kisimani peke yake.

Mfugaji wa Ohio mwenye kuishika Sabato hulijua jambo hili kwa njia ngumu. Mwezi wa Juni jua huko huzama karibu saa 3 usiku. Ijumaa nyasi za akiba zaweza kuwa zimekatwa, zimelala shambani zikikauka, na wingu linajikusanya. Kutoka 34:21 haikutoa udhuru kwa wakati wa kulima wala wakati wa mavuno. Mtu aweza kusema kwamba nyasi hizo nazo ni chakula cha wanyama. Ni kweli, lakini ni chakula cha miezi ijayo. Mana iliyofundisha Israeli katika Kutoka 16 iliweka mpaka kati ya njaa ya leo na hofu ya kesho. Kwa hiyo akiba humngoja Bwana, lakini ndoo hujazwa. Feni huwashwa. Jike anayezaa hasubiri jua lizame, wala hakuna anayemwambia asubiri.

Kitabu cha Yona kinamalizika kwa swali la Mungu, na ndani ya swali hilo, baada ya watu zaidi ya 120,000 wa Ninawi, wanatajwa wanyama wengi. Hawakuwa na toba ya kutoa. Hawakuwa na faida yoyote kwa nabii aliyeketi nje ya mji akiona uchungu. Walitajwa kwa sababu Yeye aliyewaumba aliwaona, naye alitaka mtumishi wake awaone pia.

Maswali ya Kujadiliana

1. Fikiria mnyama aliye chini ya utunzaji wako, au wa jirani yako: punda aliyezeeka, mbwa wa ulinzi asiyeona tena, ng'ombe asiyekamwa. Ni huduma gani aliyokuwa akipewa zamani ambayo sasa imekoma? Ilikoma kwa sababu gani?

2. Kutoka 23:4, 5 huunganisha mnyama na adui katika agizo moja. Kwa nini kumhurumia mnyama wa adui kunaweza kuwa mlango wa kumhurumia adui mwenyewe?

3. Ni watu gani katika kanisa lenu ambao mazoea ya jamii yamewafanya wawategemee wengine? Faida waliyokuwa wakiileta ilipokoma, je, ziara ziliendelea?

4. Jadilini darasani: Sabato ijayo, ni tendo gani la utunzaji mtakalolifanya ambalo haliwezi kuwarudishia chochote?