Kilumi Bewani: Wajibu wa Chuo Kikuu kwa Fanani Mwalikwa

Miongoni mwa masuala ambayo uhakiki wa fasihi simulizi umeyakwepa ni lile la wajibu wa chuo kikuu kwa fanani kinayemwalika. Ukambani suala hili halikwepeki kwa urahisi, hasa tangu Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilipopata hati yake mwaka 2013 huko Kwa Vonza, Kitui, kwani sasa mhadhiri na mcheza ngoma ni majirani.

Itazamwe ratiba ya kawaida ya tamasha la utamaduni katika vyuo vya Kenya. Mtoa mhadhara wa umma hutajwa kwa jina na shahada zake, hupewa saa nzima, kisha huulizwa maswali. Baada yake huitwa "kikundi cha ngoma". Hiki hupewa dakika chache wageni wakisubiri chakula, hupigiwa makofi, na hakiulizwi lolote.

Sasa kichukuliwe kilumi. Hii ni ngoma ya wanawake wa makamo na vikongwe wa Kitui na Makueni, inayofungamana na aimu, uponyaji na maombi ya mvua. Hadhira yake, kwa imani ya wenyewe, si watu walioketi peke yao. Wamisionari wa Africa Inland Mission, waliofungua kituo chao cha kwanza Nzaui, Makueni, mwaka 1895, pamoja na makanisa yaliyowafuata, walizipinga ngoma za namna hii kwa kuwa waliziona zina nguvu, na nguvu hiyo waliihesabu kuwa ya uovu. Chuo kikuu hakipingi. Chenyewe huzikaribisha, huzipiga picha na kuziita urithi, kwa sharti lisilotamkwa kwamba jukwaani zisifanye lile zinalosemekana kufanya. Kati ya hawa wawili, mmisionari ndiye aliyemchukulia mchezaji kwa uzito zaidi. Hukumu hii ni chungu, lakini haina budi kutolewa.

Watetezi wa tamasha watasema kuwa utamaduni ulio hai hubadilika, na kwamba kilumi kisichochezwa bewani kitakufa kijijini. Hoja hiyo ina kweli ndani yake, na wanaotaka ngoma zote zibaki kwenye mathembo husahau kwamba wachezaji wenyewe hupenda kuonekana, na kulipwa pia. Kwa hiyo tatizo haliko jukwaani. Liko katika mamlaka ya kueleza: nani anasema ngoma hii ni nini, na nani anaweza kumwambia msemaji huyo kwamba amekosea?

John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alichapisha hadithi za Wakamba kwa Kiingereza mwaka 1966 na kufundisha Makerere. Aliitwa profesa, na alistahili. Wale ambao hadithi hizo zilikuwa vinywani mwao, wakija bewani, huitwa watumbuizaji. Hata idara za Kiswahili hazina pa kujificha: katika tasnifu nyingi, jina la mzee aliyesimulia, likitajwa, hukaa kwenye kiambatisho nyuma ya marejeleo.

Upo mfano wa utaratibu mwingine. Huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliisoma rasimu ya mchezo wa *Ngaahika Ndeenda* mbele ya wakulima na wafanyakazi, nao wakaisahihisha: lugha, nyimbo, hata namna sherehe zinavyofanyika. Serikali iliusimamisha mchezo huo Novemba mwaka huohuo na kumtia Ngũgĩ wa Thiong'o kizuizini mwezi uliofuata. Watawala hawakuudhiwa na nyimbo za wanakijiji, ambazo zilikuwa zikiimbwa siku zote. Waliudhiwa na wanakijiji waliopata neno juu ya maana yake.

Kumpa mwanamke wa kilumi neno hilo kuna gharama. Kunadai kikao kwa Kikamba, na mkalimani anayetafsiri kwa ajili ya maprofesa. Kunadai pia mualikaji akubali kusikia kwamba ngoma haichezwi kwa saa aliyoipanga, au haichezwi kabisa mahali hapo. Huenda wanawake wakakubali kuzungumza na kukataa kucheza. Barua ya mwaliko, kama inavyoandikwa kwa kawaida, haikuacha nafasi ya jibu hilo.