Mzazi Asiyefurahi Amekosa Nini?

Mtoto akizaliwa, nyumba hujaa vigelegele. Wageni humiminika, kila mmoja akiulizia habari za mtoto: uzito wake, jina lake, amefanana na nani. Lakini mama aliyelala chumbani, ni nani amwulizaye hali yake? Na ikiwa analia bila sababu, akakosa usingizi hata mtoto alalapo, akamtazama mwanawe kana kwamba ni wa mtu mwingine, twamwambia nini? Mara nyingi twamwambia kwamba hana shukrani, maana wako wanaolilia mtoto wasimpate.

Je, maneno hayo ni ya haki? Hata kidogo. Mtu hulaumiwa kwa lile alilolitenda kwa hiari yake. Wala hakuna mama aliyechagua moyo wake uwe mzito siku ya furaha. Machozi ya siku chache baada ya kujifungua huwapata wazazi wengi, nayo hukoma yenyewe. Huzuni ikizidi majuma mawili, yafaa tujue kwamba huenda ni ugonjwa, nao huitwa sonona. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu wanawake 20 katika kila 100 hupatwa na maradhi ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Nani atathubutu kusema kwamba wote hao hawana upendo?

Wahenga walinena: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Twauona mwepesi kwa kuwa hatuubebi sisi. Basi, wajibu wetu si kuupima, bali kuubeba pamoja naye. Huko Pakistani, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2008 ulihusu wahudumu wa afya wa vijijini waliofundishwa kuwatembelea akina mama wenye sonona na kuzungumza nao. Watoto walipofikia miezi 6, akina mama waliobaki na ugonjwa walikuwa 23 katika kila 100. Kwa wale waliotembelewa na wahudumu wasiopewa mafunzo hayo, walikuwa 53.

Baba, mpokee mtoto usiku, mkeo apate kulala. Mama mkwe, msaidie mkweo bila kumsimanga. Mpelekeni kliniki, na habari za moyo wake zielezwe kama zile za mwili. Akitaja kufa au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku ile ile. Kumwombea ni vema, lakini sala isiwe kisingizio cha kukaa kitako.

Nawe msomaji, uendapo kumtazama mtoto, mwulize kwanza mama: "Na wewe, mwenzangu, u hali gani?" Kisha uketi, usikilize jibu lake.