Kangomba ya Mwili Wangu

Mwaka jana, kwa muda wa miezi miwili hivi, nilifanya mazoezi nikiwa nimebeba ndoo tupu kichwani.

Siyo kwamba nilisoma mahali kuwa inasaidia mgongo. Hapana. Ni kwamba hapa Newala, mwanamke wa miaka 51 akionekana anatembea mbiombio saa kumi na mbili asubuhi, mikono mitupu, ataulizwa anakwenda wapi, na lazima ajibu. Siku ya kwanza nilisema kweli: "Siendi popote, natembea tu." Mama niliyemjibu hivyo alisimama, akaniangalia kwa huruma, akauliza, "Mwalimu, lakini nyumbani kwema?" Maana mtu anayetoka alfajiri bila safari ama ana msiba ama kuna ugomvi na mume. Kesho yake nikabeba ndoo. Hakuna aliyeniuliza tena, mpaka asubuhi moja jirani aliponiita kutoka uani kwake: "Kumbe bomba la kule leo linatoa? Basi na mimi nichotee, dada."

Nilicheka baadaye, si wakati ule. Swali lililonibakia ni hili: kwa nini nilihitaji kisingizio? Ingekuwa nakwenda kweli kuchota maji, nisingeona aibu. Ningekuwa nakwenda kumwangalia mgonjwa, nisingeona aibu. Aibu ilikuja kwa sababu safari ile ilikuwa yangu peke yangu.

Ndoo yenyewe ina historia huku. Uwanda wa Makonde uko juu, lakini udongo wake unanywa mvua yote na mito haipo. Karl Weule, Mjerumani aliyefika Newala mwaka 1906, aliandika juu ya shida hiyo ya maji, na aliyeikuta si yeye wa kwanza. Wanawake walishuka bondeni, wakapanda na vyungu, baadaye na madebe. Mama yangu alikulia hivyo kabla ya kuolewa Masasi, na mpaka leo akisimama pale Shimo la Mungu, ambapo wageni wanapiga picha za bonde la Ruvuma, yeye haoni mandhari. Anaona mlima wa kupanda na mzigo.

Mama hakukosa hata siku moja. Lakini je, tumwite mtu mwenye msimamo? Sidhani. Maji yalimlazimisha. Msimamo unaoongelewa na watu wa mazoezi ni kitu kingine kabisa: kurudia jambo ambalo ukiliacha leo hakuna atakayelala na kiu.

Na hapo ndipo ninaposhindwa. Tangu nifike miaka 45 nimeanza mazoezi mara sita. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alipozindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, kila Jumamosi ya pili ya mwezi, kazini kwetu tulitoka kwa shangwe, tracksuit mpya, picha nyingi. Baada ya miezi michache tracksuit yangu ilikuwa ya kupulizia korosho dawa.

Watasema ni udhaifu wa nia. Aristotle alilijadili hilo kwa kirefu: mtu anajua lililo jema, kisha hamu inamvuta upande mwingine. Samahani kwa mzee, lakini maelezo hayo hayanitoshi. Nia yangu si dhaifu. Miaka 26 nimeingia darasani kwa wakati. Uji wa watoto haujawahi kuchelewa. Michango ya misiba natoa kabla daftari halijanifikia. Mwenye nia dhaifu angekuwa dhaifu kotekote, jamani. Mimi ni dhaifu mahali pamoja tu: pale ninapojidai mwenyewe.

Tatizo liko kwenye neno hilo, kudai. Nikimwahidi mtu nitamlipa Jumatatu, yeye ndiye mwenye uwezo wa kuniambia, "Acha, nimekusamehe." Lakini nikijiahidi mwenyewe, mdai ni mimi, mdaiwa ni mimi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, baridi ya Julai imekamata mji, mdaiwa anaomba kusamehewa na mdai yuko naye kwenye blanketi moja. Atakataa vipi? Kant aliliona fumbo hili, akashikilia kwamba pamoja na hayo tunao wajibu kwa nafsi zetu, tena bila huo wajibu mwingine wote ungeanguka. Nilipolisoma nililikubali kwa kichwa. Miguu haikukubali.

Kilichonisogeza ni Mama kuanguka. Nyonga ilivunjika, mlangoni tu, hatua mbili kutoka kitandani. Kwa miezi mitano kila Ijumaa baada ya vipindi nilipanda gari kwenda Masasi, nikarudi Jumapili jioni na vumbi masikioni. Kumwogesha mtu mzima ni kazi ya mapaja na mgongo. Ukimnyanyua vibaya mnaanguka wote wawili. Siku moja, nikiwa nimemshika kwapani tunaelekea chooni, magoti yangu yalilia, kwa sauti kabisa. Yeye akasikia. Akasema, "Na wewe nani atakubeba, mwanangu?"

Hakuwa analalamika. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza bei.

Tangu hapo nikaanza kumfikiria bibi mmoja wa miaka 76 ambaye bado hajafika. Ana jina langu. Simjui tabia zake, sijui atakuwa anaishi kwa mtoto yupi. Lakini magoti atakayotumia ni haya, na mifupa ni hii, ambayo kwa sisi tuliokwisha kukoma hedhi inapungua kwa kasi baada ya homoni ya estrojeni kushuka. Derek Parfit, mwanafalsafa wa Uingereza, aliandika mwaka 1984 kwamba kuuharibu sana uzee wako mwenyewe si upumbavu tu, ni kosa la kimaadili, karibu sawa na kumdhuru mtu mwingine. Zamani ningeona ni maneno ya watu wenye nafasi. Sasa naona kama alikuwa anaongelea kangomba.

Kwa msomaji wa mbali: kangomba ni ununuzi wa magendo wa korosho, nje ya chama cha msingi na mnada. Msimu bado, mkulima kaishiwa, mtoto anaumwa au ada imefika. Anakuja mtu na fedha kidogo mkononi, anachukua korosho kwa bei ya kutupa, mara nyingi zikiwa bado mtini. Mwaka 2018, Serikali iliponunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wenye kangomba walisakwa, na wote tulishangilia. Mimi pia. Kumbe kila alfajiri ninayojisamehe, namwendea yule bibi nachukua magoti yake kwa bei ya nusu saa ya usingizi. Na yeye hana hata nafasi ya kukataa, maana bado hayupo. Basi fumbo la mdai na mdaiwa linafunguka kidogo: msamaha ule haukuwa wangu kuutoa.

Sitaki mtu asome hapa kwamba wazee wetu walijitakia. Mama aliuza mwili wake kwa shida. Aliyeuza kwa shida halaumiwi, na kazi ile ya vyungu haikumlinda na kuanguka. Wala simhubirii mama anayelima tangu asubuhi kwamba aongeze squati jioni. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kutosha, na kazi ya kujenga misuli siku mbili. Yeye anazimaliza Jumatatu kabla ya saa nne. Nawasema tuliokalia viti, wenye chaguo.

Na bado nakosa. Kukiwa na msiba sitembei, na sioni kuwa ni kosa: bibi yule naye atahitaji watu wa kumzika, hawapatikani kwa kutembea peke yako. Mvua ya Januari inanishinda kwa uvivu tu, hiyo nakiri. Nimeacha kuhesabu siku mfululizo, kwa sababu zikikatika nilikuwa naacha mwezi mzima kwa hasira. Naangalia tu kama wiki hii bibi amepata chochote.

Ndoo sikuiacha. Sasa inakuwa na maji, lita kumi kwenda na lita kumi kurudi, na naishika mkononi kwa ajili ya mabega. Jirani yangu bado anauliza kama bomba linatoa. Juzi nilimwambia ukweli, kwamba maji haya nimetoka nayo nyumbani na narudi nayo nyumbani. Akanitazama kwa muda. Kisha akaniuliza kama kesho nitapita tena, nimgongee dirisha.