Kiingilio cha Dansi: Je, ni Sadaka?

Katika miji yetu, mikubwa kwa midogo, ni jambo la kawaida kuona tangazo limebandikwa kwenye nguzo ya umeme au ukutani mwa duka, likisema kwamba Jumamosi usiku patakuwa na dansi katika ukumbi wa mtaa, bendi itapiga vyombo vyake mbele ya watu, na fedha za mlangoni zitatolewa kwa ajili ya mgonjwa fulani, au madawati ya shule, au paa la zahanati. Watu huenda. Hucheza, hunywa, hurudi majumbani usiku wa manane, na wengi wao hulala wakiamini wamefanya jambo jema. Je, wamelifanya? Mtu aliyelipa kiingilio ili apate kucheza, ametoa sadaka au amenunua starehe?

Swali hili si la mzaha, maana kamati nyingi za mitaa, na za parokia pia, huletewa fedha za namna hii zikabaki kutazamana. Wako waungwana wasiotaka hata kulisikia. Kwao fedha iliyopita katika ukumbi wa dansi imekwisha kuchafuka, na afadhali paa la zahanati livuje. Wako wengine wasemao, kama Kaizari Vespasian wa Roma aliyetoza kodi hata ya mikojo, kwamba fedha hainuki, itokako isiulizwe. Twaona kwamba pande zote mbili zina haraka.

Kwanza tukumbuke kwamba ngoma na msaada havikukutana jana katika nchi hizi. Vyama vya beni vilianza pwani, huko Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, vikaenea hadi bara wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Marini na Arinoti walikuwa na vyeo, sare na mashindano makali, hata watu wakateketeza mali kwa karamu ili kuwaaibisha wapinzani wao, jambo ambalo hatuwezi kulisifu. Lakini mwanachama alipougua alitazamwa, alipofariki alizikwa kwa heshima, na alipohamia mji mwingine alipokewa na wenzake wa chama kama ndugu. Bendi za kwanza za dansi za Dar es Salaam, katika miaka ya 1930, zilifuata njia iyo hiyo: zilikuwa klabu zenye wanachama, viongozi na ada. Na mwaka 1955, TANU ikiwa haijatimiza miaka miwili, Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake mjini Dar es Salaam, na kwa njia yao wanawake kwa maelfu wakaingia katika chama. Kwa maoni yetu asingaliwapata upesi vile kama ngoma hizo zisingalikuwa zimekwisha kuwazoeza kuchanga, kuchagua viongozi na kuitikia wito.

Baadaye mashirika ya umma nayo yalishika bendi. Mwaka 1978 ilianzishwa Mlimani Park Orchestra, iliyochukua jina la baa iliyopigia, na mwaka 1983 ikawa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Jiji la Dar es Salaam, lililokuwa pia na ukumbi wake Kariakoo. Watu waliipa jina la Sikinde, ambayo ni ngoma ya Wazaramo, wakaongeza kusema ni ngoma ya ukae, yaani ya nyumbani. Jina hilo latufundisha zaidi kuliko hotuba ndefu. Ukumbi wa mtaa, ukiwa mzuri, ni kama ua wa nyumba ambao majirani hukutana: fundi cherehani humwona karani, mjane huonekana na kuulizwa hali, na habari za aliyelazwa hospitali hufika kabla bendi haijaanza wimbo wa pili. Msaada huzaliwa pale watu wanapojuana. Basi asemaye kwamba ukumbi kama huo ni pango tu la ulevi hajautazama vizuri.

Sasa turudi kwa mtu wetu wa mlangoni. Hatukubaliani na wale wadhanio kwamba tendo jema lazima liume ndipo liwe jema. Anayempikia mgonjwa uji huku akiimba hakupunguza kitu katika uji. Furaha haiwi rushwa kwa kuwa imefuatana na msaada. Hata hivyo mtu asijidanganye katika hesabu zake. Tuseme kiingilio ni shilingi 5,000, naye ndani akatumia 40,000 kwa bia na nyama choma. Ile 5,000 imekwenda kwa mgonjwa, au sehemu yake. Ile 40,000 ni ya tumbo lake na ya mwenye baa. Akirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba usiku huo alikuwa akiwasaidia wagonjwa, amesema kweli ya kijiko katika ndoo ya maji. Na kama fedha hiyo ilikuwa ya sare za shule za watoto wake, basi hata kile kijiko amekiazima kwa watoto bila ruhusa yao. Kwa ufupi, alitoa kidogo na kununua kingi. Si dhambi kununua starehe ya halali kwa fedha iliyo yako. Kosa ni kuiandika katika daftari la sadaka.

Lakini kuna mtu mwingine katika ukumbi huo ambaye waungwana wa pande zote mbili humsahau, naye ndiye anayetushughulisha zaidi. Huyo ni mpiga vyombo. Ameingia saa kumi jioni kubeba spika na ngoma, atasimama mpaka saa nane usiku, naye ndiye sababu ya watu kulipa. Kwa kuwa dansi ni la hisani, huambiwa: “Leo utusaidie tu, kaka, ni kazi ya kujitolea.” Je, aliyeuza bia amejitolea? Mwenye jenereta amejitolea? Mchapaji wa matangazo? Mara nyingi wote hao wamelipwa, na aliyeachwa mikono mitupu ni mpiga gita peke yake, kana kwamba muziki hutoka kwake kama jasho, bila gharama.

Tunasema wazi kwamba haki hutangulia hisani. Mwenye ukumbi anayemnyima mpiga gita ujira wake, kisha akapanda jukwaani kumkabidhi yatima bahasha mbele ya wapiga picha, hakutoa mali yake. Ametoa mali ya mpiga gita. Yatima amesaidiwa, hilo halikanushiki, lakini aliyemsaidia ni mwingine, naye hakuulizwa. Kama wapiga vyombo wenyewe, baada ya kuambiwa haki yao ni kiasi gani, wakasema kwa hiari kwamba usiku huo wanaitoa, hiyo ni sadaka kubwa kuliko zote ukumbini, na majina yao yatajwe kwanza. Kuombwa na kunyang'anywa ni mambo mawili.

Wala tusidhani kwamba ni jambo dogo. Marehemu Muhidin Gurumo aliimba katika NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964, akawa mmoja wa waanzilishi wa Mlimani Park, na nyimbo zake zimechezwa na baba na mwana. Alipostaafu mwaka 2013, baada ya zaidi ya nusu karne ya kuimba, alipewa gari na mwimbaji kijana, Diamond Platnumz, na watu wengi walimsifu mtoaji. Nasi twamsifu. Gurumo alifariki tarehe 13 Aprili 2014. Lakini kila tukikumbuka lile gari twajiuliza: mtu aliyewachezesha wananchi miaka yote hiyo, kwa nini uzeeni apewe kwa wema kitu ambacho angestahili kujinunulia kwa jasho lake? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 imetambua haki za watunzi na wapiga muziki. Sheria hiyo haitekelezwi kwa machozi ya mazishini wala kwa dansi la kumchangia msanii aliyelazwa, ambalo, tukitazama vizuri, mara nyingine si kitu ila deni la zamani linalolipwa kwa kuchelewa na kuitwa zawadi.

Kuna desturi ya kutunza, ambayo kila aliyeingia katika taarabu au dansi anaijua: mtu hutoka kitini akicheza taratibu, akambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso. Wako wanaoichukia kwa sababu ya majivuno. Kweli majivuno yamo. Walakini afadhali noti ya majivuno inayomfikia mwenye kazi kuliko sifa zisizomfikia. Tunachokichukia sisi ni kumpandisha jukwaani mtoto mgonjwa mwenyewe, ili kilio cha mama yake kifungue pochi za walevi. Katika vyama vya zamani msaidiwa alikuwa mwanachama: leo alipokea, kesho alichanga, na hakuna aliyemtazama kama maonyesho. Mzazi wa mtoto huyo ni jirani; apelekewe bahasha nyumbani kwake, mchana, na watu wawili watatu wenye adabu.

Na tukisema jirani, yuko mwingine nyuma ya ukuta wa ukumbi: mzee mwenye shinikizo la damu, muuguzi atakayeamka saa kumi kwenda zamu. Ukumbi unaochangia dawa za mgonjwa wa mbali huku ukimnyima usingizi mgonjwa wa ukutani umepanga vibaya mapendo yake. Vipaza sauti vipunguzwe.

Je, kamati ya zahanati ipokee fedha za dansi? Twajibu kwamba ipokee, kwa sharti moja ambalo latosha. Bahasha inapoletwa, mwenyekiti aombe pia karatasi ya hesabu: mlangoni zilipatikana kiasi gani, za ukumbi kiasi gani, na wapiga vyombo walilipwa kiasi gani, au kama walisamehe, sahihi zao ziko wapi. Karatasi ikiwapo, atie saini, ashukuru, na dansi lijalo hesabu hiyo isomwe jukwaani kabla ya wimbo wa kwanza. Isipokuwapo, bahasha irudi ukumbini pamoja na mletaji wake, na ianzie kwa mpiga gita.